Miwani ya VR kwa watoto na vijana wenye usonji: inasaidia wapi, na wapi tunauziwa matumaini

#1 Binti_Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimeona mara kadhaa humu wazazi wakiuliza kuhusu miwani ya VR, ile unayovaa ukajiona uko mahali pengine kabisa, kama kweli inaweza kumfundisha mtoto mwenye usonji (autism) kukaa na watu, kupanda gari, kuongea na mtu asiyemjua. Majibu huwa ni mawili tu. Mmoja anasema ni biashara ya kuwakamua wazazi, mwingine anasema nunua leo na mtoto atafunguka. Mimi ni msaidizi wa darasani kaskazini mwa Uingereza na karibu wanafunzi wangu wote wana usonji. Nimezisoma tafiti zenyewe na ninaishi na jambo hili kila siku ya kazi, kwa hiyo leo naandika kirefu. Anayetaka kuamua aamue akiwa na kitu mkononi.

Naanza na kile ambacho mimi nakiamini zaidi, na wengi watashangaa kwamba hakitumii hata hiyo miwani.

Chuo Kikuu cha Newcastle, kupitia watafiti kama Morag Maskey na Jeremy Parr, kilishirikiana na kampuni ya Third Eye Technologies inayomiliki chumba kiitwacho Blue Room. Picha zinarushwa kwenye kuta pande zote, kwa hiyo mtoto anasimama katikati ya barabara, ya darasa au ya duka bila kuvaa chochote kichwani. Anaiona mikono yake mwenyewe. Anamwona mtaalamu aliyesimama naye, na mtaalamu huyo ana tableti mkononi ya kuendesha kila kinachotokea. Kwa watoto ambao hawavumilii hata kofia au lebo ya shati shingoni, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Kila mtoto anatengenezewa tukio lake, maana hofu haifanani. Mmoja anaogopa njiwa, mwingine basi, mwingine mbwa, mwingine kuulizwa swali mbele ya darasa. Kwanza anafundishwa kupumua taratibu na kujisemesha maneno ya kujituliza, ndipo ngazi zinaanza. Kama ni basi, anasimama kituoni na hakuna kitu. Basi linaonekana mbali. Linafika, linasimama. Milango inafunguka na ndani kuna watu wawili watatu. Mwisho limejaa. Kila ngazi mtaalamu anamuuliza hofu yake iko kiasi gani, na hawaendi mbele mpaka ameshatulia. Vikao vya ndani ya chumba ni 4, kila kimoja kama dakika 20. Mzazi anafuatilia kwa video akiwa chumba kingine, kwa sababu kazi inayofuata ni yake: kumpeleka mtoto kwenye basi la kweli, kwa ngazi zilezile.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2014. Wavulana 9 wa miaka 7 hadi 13 walishiriki, 8 wakaweza kukabiliana na hofu yao, na 4 kati ya hao hofu iliisha kabisa. Mwaka 2019 wakachapisha utafiti mkali zaidi: watoto 32 wa miaka 8 hadi 14, wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapata tiba mara moja na nusu wakasubiri. Baada ya miezi 6, zaidi kidogo ya theluthi ya waliotibiwa walikuwa wamepiga hatua ya kupimika. Kwenye kundi lililosubiri hakuna hata mmoja.

Theluthi, jamani. Maana yake wengi hawakufika. Anayekwambia kila mtoto atapona hofu yake anakudanganya. Lakini kama una mtoto ambaye kwa miaka mmekuwa mkizunguka mitaa mitatu ili asipite penye njiwa, nafasi moja kati ya tatu kwa vikao vinne si kitu cha kudharau.

Sasa, kuondoa hofu ya mahali ni jambo moja, kufundisha mahusiano na watu ni jingine. Hapo ndipo ushahidi unapopungua na matangazo yanapozidi.

Kujaribu kulianza zamani. Mwaka 1996, kule North Carolina, Dorothy Strickland aliwavalisha watoto wawili wenye usonji kofia nzito ya VR ya enzi zile, wajifunze kutambua magari barabarani na kutembea hadi kwenye alama ya kusimama. Kilichowashangaza watu wakati ule ni kwamba watoto waliikubali ile kofia. Mwaka 2013 chuo cha Texas huko Dallas kiliwachukua vijana 8, vikao 10 kwa wiki 5, wakakutana kwenye ulimwengu wa kompyuta wa Second Life kila mmoja na avata yake, yaani mtu wa kuchorwa anayemwakilisha mle ndani. Waliigiza usaili wa kazi, kufahamiana na mtu mpya, kugombana na mtu mnayeishi naye chumba kimoja. Mtaalamu alijificha nyuma ya avata na sauti yake ikabadilishwa. Vijana walipanda kwenye vipimo vya kusoma hisia za watu. Ila hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo huwezi kujua ni kompyuta iliyosaidia au ni kule kukaa na mtu makini mara kumi mfululizo.

Ninaoupenda zaidi ni wa Nottingham, wa Peter Mitchell, Sarah Parsons na Anne Leonard, uliochapishwa 2007. Walikuwa na mgahawa wa kwenye kompyuta ya kawaida, bila miwani. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: umebeba chakula, ukae wapi? Kama kuna meza tupu, kaa hapo. Kama zote zina watu, itabidi uombe. Umwombe nani, na useme nini? Vijana walikuwa 6, na pembeni ya kila mmoja alikaa mtu anayeuliza: kwa nini umechagua kiti hiki? Huyu dada unadhani anaonaje? Baadaye wakaonyeshwa video za mgahawa wa kweli na za ndani ya basi, na baadhi yao wakaeleza vizuri zaidi wangekaa wapi na kwa sababu gani.

Someni vizuri hapo. Kompyuta ilitoa mahali ambapo unaweza kusimamisha muda, kurudi nyuma, kukosea bila mtu kukucheka. Mafundisho yalitoka kwa mtu aliyekaa pembeni. Huo ndio msimamo wangu kwenye uzi huu wote: ukiuziwa miwani bila mtu wa kukaa pembeni na bila mpango wa kwenda mahali halisi baadaye, umeuziwa mchezo wa video.

Na mtu akikwambia "tafiti nyingi zimethibitisha", muulize ni zipi. Ryan Bradley na Nigel Newbutt walipofanya mapitio mwaka 2018 ya tafiti za usonji zilizotumia miwani ya kuvaa kichwani, walipata 6 tu. Zimeongezeka tangu hapo, lakini nyingi bado ni za watu wachache.

Karibuni.

#2 Mama_Likoni

Asante sana dada, Mungu akulipe. Mimi niko Mombasa. Mwanangu ana miaka 11, ana usonji, asema maneno machache lakini asikia yote. Yuwapenda magari kupita kiasi. Tatizo letu ni feri. Shule iko ng'ambo, kisiwani. Akifika pale kwenye mteremko, watu wakianza kusukumana geti likifunguliwa, na ile honi ikipigwa, ajitupa chini. Watu wanasimama kumwangalia, wengine wanasema nimchape. Sasa inabidi nimchukulie mtu wa gari tuingie naye feri tukiwa ndani, vioo juu, na pesa hiyo sina kila siku.

Kuna kituo kimoja kimeniambia wana miwani, wanataka nilipie kifurushi cha miezi mitatu kabla hata hawajamwona mtoto. Nilipouliza watamwonyesha nini, nikaambiwa kuna michezo ya pomboo na msitu. Nisaidieni mawazo.

#3 Binti_Pangani

Mama, pole na hongera kwa kumpigania. Usilipe kwanza. Pomboo na msitu vinaweza kumtuliza na hakuna ubaya, lakini mwanao haogopi msitu. Tukio likiwa si lile analoliogopa, sioni litamfikishaje feri. Waulize maswali haya: nani atakaa naye na ana taaluma gani? Wataweza kumwonyesha feri ya Likoni yenyewe? Ni nani atakwenda naye pale kivukoni baada ya vikao? Wakikosa jibu la hilo la mwisho, baki na pesa yako.

Pia ichambue hofu yenyewe kabla ya kufanya lolote. Ni honi? Ni kusukumwa? Ni mteremko wa chuma unaopiga kelele chini ya miguu? Au ni kutojua geti litafunguliwa lini? Mtoto anayeogopa honi unaweza kuanza kwa kumfunika masikio, na asiyejua muda unamtengenezea picha za hatua kwa hatua. Huenda hata VR usiihitaji.

#4 Mwl_Kitengo

Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa kitengo cha usonji kwenye shule ya msingi hapa Dar. Uzi huu umenigusa, ila nina mambo mawili.

La kwanza, hizi programu zimetengenezwa kwa maisha ya wenzetu. Nimewahi kuonyeshwa moja ambayo mtoto anapewa nyota kila anapomtazama avata machoni. Huku kwetu mtoto anayemsalimia babu huku amemkazia macho ataambiwa hana adabu. Tunamfundisha ainamishe kichwa kidogo, aseme shikamoo. Sasa nimpe mafunzo yanayomtuza kwa kitu ambacho nyumbani atagombezwa?

Na hapo kwenye salamu ndipo watoto wangu wengi wanapokwama, kwa sababu salamu zetu hazijibiwi kwa kurudia. Wengi wao hurudia maneno kama yalivyosemwa. Nikimwambia "Hujambo" anajibu "Hujambo". Mgeni akiingia, wenzake wakasema "Shikamoo", yule mgeni akijibu "Marahaba", na yeye anasema "Marahaba" kwa sauti kubwa, darasa zima linacheka. Ana miaka 9. Anajua kabisa kwamba ni wakati wa kusalimiana, ameshika mlio, hajashika nani anamwambia nani. Hilo ningependa kifaa kiniwezeshe kulirudia mara mia bila mgeni wa kweli kuchoka.

La pili, nina watoto wengi na msaidizi mmoja. Mambo ya mtaalamu mmoja na mtoto mmoja chumbani ni ndoto.

#5 Binti_Pangani

Mwalimu, hilo la macho limenifurahisha kwa sababu hata huku Uingereza watu wenye usonji wenyewe wanalipinga. Wengi wanasema wakilazimishwa kutazama machoni hawasikii tena unachosema.

Kuhusu salamu, unachohitaji si VR. Ni video fupi zilizopigwa kutoka pale macho ya mtoto yalipo: mlango unafunguka, bibi anaingia, kimya, halafu sauti ya mtoto mwenzake inasema "Shikamoo". Mnaisimamisha pale kwenye kimya, anasema yeye. Simu yako inatosha. Video za namna hii zimetumika kufundishia watoto wenye usonji kwa miaka mingi kabla ya miwani kuingia sokoni.

#6 Nuru_NBO

Nimesoma kimya mpaka hapa, naomba niseme. Mimi nina usonji. Niligundulika nikiwa mtu mzima, niko Nairobi, nafanya kazi ya kupanga data.

Kila mara mada hii ikiletwa, swali huwa ni "tutamfanyaje huyu afanane na sisi". Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kunatoka pande mbili. Mimi sikuelewi, na wewe hunielewi, lakini ni mimi tu ninayepelekwa kliniki. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake huko Edinburgh walilipima jambo hili. Walipanga watu wanane wanane, wa kwanza anasimuliwa hadithi, anampa wa pili, hivyo hivyo hadi wa nane. Mnyororo wa watu wenye usonji watupu ulifikisha hadithi vizuri sawa na mnyororo wa watu wasio na usonji. Ulipovurugika ni pale walipochanganywa. Sasa niambieni, nani hasa hana stadi za mawasiliano?

Nimejaribu programu moja ya VR ya mafunzo ya kijamii. Nilikuwa napata alama nikitabasamu kwa wakati na kutuliza mikono. Baada ya nusu saa nilikuwa nimechoka kama mtu aliyebeba magunia, na sikuwa nimejifunza kitu kuhusu watu. Nilikuwa najifunza kujificha. Watu wazima wengi wenye usonji wanaeleza jinsi kujificha huko kwa miaka kulivyowaletea sonona na uchovu usioisha. Mzazi akiona mtoto "ametulia", asishangilie haraka.

Sisemi VR haina kazi. Niliwahi kufanyia mazoezi ya usaili wa kazi kwenye kompyuta kabla ya kuajiriwa, nikiwa nimechagua mwenyewe, na yalinifaa. Matthew Smith na wenzake walichapisha utafiti wa aina hiyo mwaka 2014 kwa watu wazima 26 wenye usonji. Unaongea na mwajiri wa kwenye skrini, anaitwa Molly, anajibu kulingana na ulivyosema, mwisho unaonyeshwa ulipopatia na ulipoteleza. Waliofanya mazoezi walifanya vizuri zaidi kwenye usaili wa kuigiza kuliko wasiofanya. Tofauti ni kwamba mle ndani hakuna anayenifundisha niwe mtu mwingine. Usaili una kanuni za ajabu ambazo hakuna anayezisema, na pale kuna mtu ameamua kuzisema.

#7 Baba_Ilala

Nuru, nakuheshimu sana na nimejifunza. Lakini niseme kama baba. Kijana wangu ana miaka 16. Mimi sitaishi milele. Konda wa daladala hatasoma utafiti wa Edinburgh. Ukizubaa mlangoni anakusukuma, ukichelewa kusema "shusha" unapelekwa kituo cha mbele, ukikosa kutoa nauli unatukanwa mbele ya watu. Mwaka jana askari wa ulinzi kwenye jengo moja alimkamata kijana wangu kwa sababu aliulizwa jina na akawa anapeperusha mikono tu bila kujibu. Walidhani amelewa. Dunia nitakayomwachia ni hii. Kama kuna kifaa cha kumfanyisha mazoezi ya hayo mawili, daladala na askari, nitauza kitu nikinunue.

#8 Nuru_NBO

Baba, habari ya askari imeniuma, najua ilivyo. Hatupingani. Kumfundisha atoe nauli mapema, aseme "shusha" kabla ya kituo, awe na kadi mfukoni yenye jina lake na namba yako na aitoe akiulizwa, hayo ni ya usalama wake, mfundishe usiku na mchana. Nakuomba kitu kimoja: mikono muachie. Anapoipeperusha anajituliza. Ukimwondolea hiyo, siku ya askari atakuwa hana hata cha kumsaidia asilipuke.

Na wale askari nao wanafundishika. Mwaka 2016 chama cha usonji cha Uingereza, National Autistic Society, kilitoa video ya VR inayokuweka ndani ya mtoto mwenye usonji anayepita kwenye jengo la maduka. Taa, milio ya sarafu, mtu anapita karibu mno, vyote vinaongezeka kwa pamoja mpaka unatamani kukimbia. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wasio na usonji. Ningependa walinzi wa majengo yetu, makondakta na walimu waivae hiyo miwani kabla ya mwanao kuivaa.

#9 Mwl_Kitengo

Naunga mkono kwa mfano hai. Kituo cha daladala kilicho karibu na shule yetu, tulikwenda mimi na mzazi mmoja kuongea na wapiga debe na makonda wa ruti hiyo. Hatukuwa na kifaa chochote, tulikuwa na picha za watoto watatu wakubwa na maelezo mafupi: huyu hajibu akiulizwa, anashuka hapa, nauli anayo mkononi. Sasa wanawajua kwa majina. Kuna konda akimwona mmoja wao anapunguza redio mwenyewe.

#10 Fundi_360

Wakuu, mimi ni mtengeneza programu, kaka yangu mdogo ana usonji. Niweke upande wa vifaa maana naona Baba_Ilala anataka kuuza vitu.

Usiuze kitu. Mwaka 2014 Google walitoa Cardboard, boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, simu unaichomeka ndani. Waliacha kuliuza 2021, lakini ramani yake iko wazi, mtu yeyote anaweza kukata na kukunja, lenzi ndizo za kununua. Simu lazima iwe na jairoskopu, kile kihisi kinachojua simu imegeukia wapi, na simu nyingi za bei ya chini hazina. Kujua ni rahisi: fungua YouTube video yoyote ya nyuzi 360, yaani iliyopigwa pande zote kwa pamoja, geuka na simu mkononi. Picha ikigeuka nawe, inafaa.

Kwa mtoto mwenye usonji boksi hili lina uzuri mmoja ambao miwani ya bei kubwa haina. Halifungwi kichwani. Analishika mwenyewe, akichoka anashusha mikono, amekwisha toka. Haombi ruhusa ya mtu.

Tukio lenyewe mnalipiga wenyewe kwa kamera ya nyuzi 360. Wapiga picha wa harusi na hoteli wengi wanazo, kodi ya siku moja inatosha. Mambo ambayo watu huyapuuza ni haya. Kamera ikae kwenye urefu wa macho ya mtoto. Ukiiweka kwenye urefu wako, mtoto anaona vichwa vya watu kutoka juu, na akienda pale halisi anakutana na mikanda na mikoba. Kamera isitembee. Picha ikisogea na mwili umetulia, kichefuchefu kinakuja dakika ileile. Ndani ya daladala ifunge kwenye kiti cha dirishani, na mtoto akiangalia naye awe amekaa kwenye kiti. Na pigeni mahali palepale mara tatu: pakiwa patupu, pakiwa na watu kiasi, pakiwa pamejaa. Hizo ndizo ngazi alizoeleza Binti_Pangani.

Ila muelewe kwamba video ya namna hii hairudishi majibu. Konda wa kwenye video hatakusikia ukisema "shusha". Kwa hofu ya mahali inafaa sana, kwa mazungumzo haifai.

#11 Binti_Pangani

Fundi, umesema mambo ya maana mno. Niongeze ya usalama, na haya naomba yasirukwe.

Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi ya watu wengine. Kama mtoto ana kifafa au amewahi kuanguka bila maelezo, msimvalishe chochote kabla ya kuongea na daktari wake. Kuhusu umri, watengenezaji wenyewe wanaweka mipaka: Meta, wenye miwani ya Quest, walikuwa wanasema miaka 13, mwaka 2023 wakashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Sony ni 12. Mwalimu, wale wako wa miaka 9 waache na video za simu.

Msimshtukize mtoto. Acheni kifaa mezani akione, akishike, akione kwenye uso wa mama, na akikataa, amekataa. Newbutt alipowajaribisha miwani watu 29 wenye usonji, utafiti wa 2016, 25 waliimudu hatua ya kwanza na 4 hawakuendelea. Hao 4 hawakuwa wakaidi. Na asiyesema awe na njia yake ya kusema basi: kadi nyekundu, kugonga meza, chochote, na ikitumika tu mnasimama papo hapo hata kama zilibaki sekunde tano. Mara moja tu usiposimama, hatakuamini tena. Dakika chache kwa siku zinatosha, msitafute saa nzima.

Baba_Ilala, kwa suala la askari sioni kifaa. Hapo naona wewe, shemeji, mjomba na shati la rangi ya askari. Mwigize mlangoni kwenu, kisha kwenye duka la mtu mnayemjua, kisha kwa mlinzi wa kweli mliyeongea naye kabla. Kadi itoke mfukoni kila mara, hata kama neno halitoki.

#12 Baba_Ilala

Nimeelewa. Mlinzi wa benki ya jirani ni mtu wa mtaani kwetu, nitaanza na yeye. Kadi naiandika leo.

#13 Mama_Likoni

Nimerudi. Nimekaa na mwanangu na picha, nikamwonyesha moja moja kama dada alivyosema. Picha ya watu wengi alinyamaza tu. Nilipocheza sauti ya honi kwenye simu akaziba masikio akaenda uani. Kumbe ni honi! Miaka yote nilidhani ni watu.

Binamu yangu afanya kazi hotelini Diani, ana hiyo kamera. Tukipiga pale feri, hiyo honi itakuwemo. Nifanyeje isimfukuze siku ya kwanza?

#14 Fundi_360

Mama, hongera, umepata kitu kikubwa. Pigeni kama ilivyo, halafu nitumie faili, nitaitenganisha sauti na picha bila malipo. Nitakurudishia nakala kadhaa: ya kwanza kimya kabisa, ya pili honi inasikika kwa mbali sana, inayofuata karibu kidogo, ya mwisho kama ilivyo pale. Kabla ya kila honi nitaweka alama ya rangi kwenye pembe ya picha ili aone inakuja. Honi ya ghafla na honi iliyotangazwa haziogopeshi sawa.

#15 Binti_Pangani

Na wakati wa kwenda pale halisi, Mama, siku za mwanzo msivuke. Nendeni mchana feri ikiwa na watu wachache, simameni mbali, asikie honi moja akiwa amevaa vizuia sauti masikioni, mrudi nyumbani. Kama binamu anaweza kumwomba mtu wa pale awaambie honi inapigwa lini, itasaidia kuliko miwani yoyote. Kusogea karibu kuje baadaye, yeye akiongoza.

#16 Mwl_Kitengo

Fundi, na mimi naomba kamera. Nataka kituo chetu cha daladala kwa ajili ya wale wakubwa wa miaka 12 na 13: Jumapili asubuhi kikiwa kitupu, Jumamosi mchana, na Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi watu wakigombania gari. Makonda nimeshawaambia, wamekubali kupigwa picha. Nakutumia ujumbe wa faragha tupange siku.